Silikanti wa saruji, mkia wa papa
Nimesoma habari ya shule ya hapa Tanga inayojenga uwanjani sanamu ya silikanti, yule samaki wa kale wa kilindini. Hongereni walimu! Watoto wetu kila siku wanachora twiga, na samaki huyu anaishi bahari yetu wenyewe. Tangu 2003 wavuvi wa huku wamemnasa mara nyingi kwenye majarife, zile nyavu za papa, na hifadhi yake ikaanzishwa 2009. Ila fundi, samahani, mkia ule pichani ni wa papa. Wa silikanti una sehemu tatu, na mapezi yake yamekaa kama vikono. Rangi ni bluu iliyoiva, mabaka meupe. Halafu nondo zifunikwe vizuri, chumvi ya hapa mnaijua. Baraza la nyumba yangu lilipasuka mwaka wa tatu tu.