Kuku 6, Kichwa 2

Mjomba wangu anauza vifaa vya ujenzi Kawangware, hapa Nairobi, karibu na steji ya matatu za 46, na miaka yote risiti yake ilikuwa kipande cha karatasi ya daftari chenye jumla na sahihi. Ukitaka risiti ya maana zaidi, alikupigia muhuri. Ukitaka ya maana kuliko hiyo, alikuuliza kama wewe ni askari.

Halafu ukaingia mwaka 2024. Kuanzia tarehe 1 Januari mwaka huo, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haikatwi tena kwenye hesabu za kodi. Yaani mkandarasi akinunua simiti kwa mjomba akaondoka na kipande cha daftari, mbele ya KRA ni kama hakununua kitu: pesa yote ni faida, na faida inatozwa kodi. Wakandarasi wakaanza kupita mbele ya duka wakitupungia mkono tu. Mmoja wao, mteja wa siku nyingi mwenye mjengo wa ghorofa kule Uthiru, alisimama mlangoni akasema kwa heshima zote, "Mzee, mimi nakupenda. Lakini mhasibu wangu hakupendi."

Mjomba akashuka Luthuli. Luthuli Avenue ni ule mtaa ambao unaingia kutafuta chaja unatoka na televisheni, kwa hiyo sikushangaa aliporudi na mashine nzima ya keshi: skrini ya kugusa, droo ya pesa inayofyatuka mpaka inakugonga tumboni, na printa ndogo ya risiti isiyotumia wino wala waya. Karatasi yake hupakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, ndiyo maana risiti ukiiacha juu ya dashibodi ya gari inakuwa kivuli kitupu. Muuzaji alikuwa ameshampangia kila kitu.

"Amesema nikifika niwashe tu," mjomba akatangaza. "Inajijua."

Kazi ya kuingiza bidhaa nikapewa mimi. Sasa hizi printa ndogo zinakula karatasi ya milimita 58, na mstari mmoja unabeba herufi 32 peke yake. Ukitoa idadi, bei na jumla, jina la bidhaa linabaki limebanwa pembeni kama abiria wa mwisho kwenye matatu. Nikamwambia mjomba tutafute vifupisho vinavyoeleweka. Akakataa.

"Andika vile wateja husema. Mtu akija hapa anasema 'nipimie kuku mita sita.' Sasa wewe unataka kuandika hadithi?"

Basi waya wa kuku ukaingia kama KUKU. Kichwa cha shawa kikaingia kama KICHWA. Misumari ikawa MISUMARI, simiti ikawa SIMITI. Nikamuuliza, na mtu akisoma KUKU kwenye risiti?

"Nani atakuja hadiwea kununua kuku wa kula? Hoteli si hiyo hapo!"

Hoteli ilikuwa hiyo hapo kweli. Tumepakana nayo, ukuta wa mawe huku mbele na mabati kule nyuma jikoni, na ndiko tulikokuwa tunakwenda kuomba intaneti. Mjomba haamini katika kulipia intaneti. Anasema ni hewa, na hewa ni ya Mungu. Lakini kwa vile Mama Hoteli hakuwa na imani hiyo, wakakubaliana shilingi 500 kwa mwezi na akatupa paswedi, ambayo ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha katoni juu ya kaunta: Hakunamkopoleo. Mjomba aliisoma, akaisoma tena. Ana ukurasa wake kwenye daftari la madeni la pale.

Lazima niseme Mama Hoteli alikuwa ametutangulia sana kimaendeleo. Yeye weita anabofya oda kwenye kaunta, na kule jikoni printa iliyofungwa kwa waya kwenye ruta inaitoa yenyewe, krrr, mpishi anaichana anaitundika kwenye msumari. Msumari wenyewe ulitoka kwetu. Na printa yake, hili tulikuja kulijua baadaye, ilitoka dukani kule kule Luthuli alikonunua mjomba.

Fundi wetu ni kijana wa pale steji anayetengeneza simu, hutembea na spika moja ya sikioni hata akiongea na wewe. Akawasha mashine, akakuta ruta ya hoteli inatoa majina mawili, moja likiishia na 5G. "Hii ndiyo iko na nguvu," akasema, akaiunganisha hapo. Watu wengi hudhani hiyo 5G ni ile ya simu. Siyo. Ni masafa ya gigahezi 5, yana kasi kweli lakini hayapendi kuta, na vifaa vingi vya bei nafuu havina hata masikio ya kuyasikia: vinasikia gigahezi 2.4 tu. Mashine ya mjomba ilisikia yote mawili. Printa yake haikusikia. Ikabaki inapepesa taa ya buluu. Fundi akaitazama, akaigonga kidogo kichwani, akapigiwa simu ya kazi nyingine na kuondoka. "Narudi saa nane. Msiiguse."

Nani asiguse? Saa sita na nusu akaingia yule mkandarasi wa Uthiru, uso umekunjuka, amesikia tuna eTIMS. Akachukua waya wa kuku mita sita, vichwa viwili vya shawa, misumari kilo mbili na simiti mifuko mitano. Nikabofya kila kitu, nikaweka PIN yake ya kodi, nikagusa "chapa". Skrini ikaniambia risiti imechapishwa. Nikatazama printa. Taa ya buluu inapepesa, karatasi haijasogea.

"Bonyeza tena," mjomba akasema.

Nikabonyeza. Imechapishwa.

"Bonyeza kwa nguvu. Hiyo ni mashine, si yai."

Akaja kubonyeza mwenyewe kwa kile kidole chake cha kupimia simiti, na kila akibonyeza skrini inamjibu kwa adabu ile ile kwamba imechapishwa. Mkandarasi akaketi juu ya mfuko wa simiti, akasema hana haraka.

Yaliyokuwa yakiendelea upande wa pili wa mabati nilisimuliwa baadaye na weita, naye alilazimika kusimama mara kadhaa ashike mbavu.

Mpishi alikuwa mgeni, ameanza kazi wiki hiyo, na alikuwa ameapa kutouliza maswali ya kijinga. Printa ikalia. Akachana: KUKU 6. KICHWA 2. MISUMARI 2. SIMITI 5. Kuku aliwajua. Kichwa alikijua, supu ya kichwa iko sufuriani tangu asubuhi. Misumari ilimsumbua kidogo, akaamua ni jina la mjini la zile chipsi nyembamba. SIMITI 5 akaielewa papo hapo: mteja anataka ugali mgumu. Akarudi kwenye sufuria akaongeza unga. Juu ya karatasi kulikuwa na KAUNTA 1, maana ndiyo kaunta yetu ya pekee, yeye akaisoma meza ya kwanza.

Meza ya kwanza alikuwa ameketi soja mmoja anayelinda usiku, ametoka lindoni, amechelewa kwenda kulala, na mbele yake kikombe cha chai ya rangi na mandazi mawili. Ikashuka sahani ya kwanza ya robo kuku. Ikashuka ya pili. Supu. Ugali ambao ungeweza kushikilia lango. Weita akamuuliza, "Mzee, hizi zote ni zako?"

Soja akatazama sahani, akatazama mlango. "Si zimeletwa kwangu?"

Akanawa mikono.

Sisi huku tumeendelea kubonyeza. Kule jikoni kila kidole cha mjomba kikawa oda nyingine, na mpishi, ambaye mpaka hapo hakuwa ameuliza chochote, akatoa kichwa dirishani akapaza sauti: "Mama! Hii meza ya kwanza ni harusi?"

Mama Hoteli aliingia dukani kwetu na eproni, mwiko mkononi, na mkanda wa karatasi umeninginia kutoka kwenye ngumi yake hadi magotini. Hakusalimia.

"Nani ameagiza misumari jikoni kwangu?"

Mjomba akaruka. "Risiti zangu! Mama, umeiba risiti zangu!"

"Risiti zako? Mzee, kuku wangu sita wako kwenye meza ya soja!"

"Sasa mimi na soja wako tunajuana wapi?"

Mkandarasi aliinuka kutoka kwenye mfuko wa simiti, akauomba ule mkanda, akausoma polepole. "Hii ni yangu," akasema. "PIN yangu hii hapa." Kipande chake kilikuwa na tone la supu juu ya ule mraba wa kuskani.

Fundi aliporudi alikuta watu wamejaa mlangoni. Nitampa haki yake, safari hii alitoa spika sikioni. Akazima printa yetu, akashika kile kitufe cha kusogeza karatasi huku akiiwasha, na printa nyingi za risiti ukizifanya hivyo zinatapika maelezo yao yote: jina, masafa, anwani ya IP, yaani namba yake kwenye mtandao. Ikatoka 192.168.1.100. Akaenda jikoni akaifanyia ile nyingine vile vile. 192.168.1.100. Muuzaji wa Luthuli alikuwa amezipa zote namba ile ile, pengine humpa kila mteja hiyo hiyo, na mashine yetu ilikuwa imeelekezwa kupeleka risiti kwenye namba hiyo bila kuuliza ni nyumba ya nani. Kwa vile yetu haikuwa hata kwenye mtandao, ya jikoni ndiyo iliyoitika. Printa hizi haziulizi paswedi. Ukishaingia kwenye waifai moja nazo, ukituma kazi zinachapa.

Fundi akaiunganisha printa yetu kwenye lile jina lingine, la 2.4. Taa ikatulia. Sote tukapumua. Kabla hajagusa kitu kingine, printa ikalia yenyewe, krrr, karatasi ikatoka.

Mjomba machozi yakamlengalenga. "Inachapa! Si niliwaambia inajijua?" Akaichana bila kuisoma, akamkabidhi kijana mmoja aliyekuwa amenunua kufuli.

Kijana akasoma. "Mzee, mimi sikula matumbo."

UGALI MATUMBO 2. CHAI MAZIWA 3. MEZA 4.

Sasa zilikuwa printa mbili zenye namba moja kwenye mtandao mmoja, na kila oda ikawa inakwenda kwa yeyote aliyeitika kwanza. Saa ya lunchi, hoteli imejaa mpaka nje, nusu ya oda zinatoka jikoni na nusu zinatoka kati ya rangi na mabomba. Nikageuzwa weita. Printa ikilia nachana, nazunguka kwa nyuma, nasukuma karatasi chini ya mabati, mpishi anaipokea kwa vidole vyenye mafuta na kupaza sauti, "Hii ni yenu au ni yetu?" Madondo chapati, yao. Gundi ya mbao, yetu. Kulikuwa na moja ya NYOKA 1 iliyotufikirisha sote mpaka mjomba akakumbuka ndiyo waya ule wa kuzibulia sinki, mpishi akiwa ameshaweka kisu chini.

Fundi akaibadilisha yetu ikawa 192.168.1.150, akaiwekea namba hiyo kwenye ruta isipewe mwingine, akaielekeza mashine huko. Kazi ya dakika chache. Akadai elfu moja, mjomba akampa mia saba, pamoja na nusu dazeni ya soketi.

Hesabu ya kuku ndiyo iliyochukua jioni nzima. Mama Hoteli alitaka pesa zake. Mjomba alisema aliyekula ndiye mdaiwa. Soja aliitwa, akaja akichokonoa meno, mkononi kuku wanne kwenye karatasi ya kufungia, akasema yeye aliagiza chai na mandazi na alilipa, na kama kuna mtu anataka kurudishiwa mandazi yuko tayari. Mjomba akasema hatalipa hata shilingi. Kesho yake mashine haikupata mtandao. Nikaenda hoteli kuuliza, Mama Hoteli akaninyooshea ile katoni kwa mwiko. Hakunamkopoleo ilikuwa imekatwa mstari, chini yake kwa kalamu ile ile nyekundu: Lipakukusita.

Akalipa. Ila alidai risiti ya eTIMS, na akapewa.

Jumatatu simu ya dukani ikaita. Alikuwa mhasibu wa yule mkandarasi, yule asiyetupenda. Nikaweka spika.

"Nimeletewa ankara hapa kutoka duka lenu. Nasoma kuku sita, kichwa mbili. Huu ni mjengo au ni harusi? Siwezi kuingiza kuku kwenye gharama za ujenzi."

Mjomba akaninyang'anya simu. "Mwanangu, tulia. Huyo ni kuku wa waya."

"Mzee," mhasibu akasema, "hata angekuwa wa kienyeji!"