Umetumwa na Nani?

Desemba moja, saa mbili usiku, nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi wa shule ya kijiji ninachoishi, jimbo la Vaud, Uswisi. Tulikuwa watu thelathini na kitu, kila mmoja na bajeti ya kijiji mapajani. Mzee mmoja mkulima wa zabibu akasimama, akashusha miwani puani, akauliza: ukurasa wa 11, matengenezo ya njia ya msituni, mbona safari hii zimeongezeka faranga 4,000? Mjumbe anayeshika fedha akapekua jalada lake, akasema mvua imebomoa kalvati na kokoto imepanda bei. Mzee akashukuru, akakaa. Hata dakika mbili hazikuisha.

Mimi ndiye niliyebaki nimekaza shingo, nikingoja mtu amuulize: mzee, umetumwa na nani?

Swali hilo nililisikia nikiwa na miaka kumi na tisa, kijijini kwetu kwenye milima ya Usambara, Tanzania. Kila kaya ilikuwa imetoa shilingi 3,000 za mchango wa maji ya bomba, na bomba halikuonekana. Kwenye mkutano wa kijiji, uwanja wa shule ya msingi, baba mdogo akanyoosha mkono, akaomba asomewe mapato na matumizi. Hakutukana mtu. Meza kuu wakatazamana, kisha mmoja wao akamjibu kwa swali hilo, tena akicheka. Watu nao wakacheka. Ukaja wimbo wa kuhamasishana, mkutano ukafungwa. Toka siku hiyo baba mdogo akaitwa mpinzani, yeye aliyekuwa ameihifadhi kadi ya chama tawala sandukuni tangu 1977. Bomba lilifika baada ya miaka, na mfadhili mwingine kabisa. Zile 3,000 hadi leo ni hadithi.

Sasa mtu akisoma hapa atadhani nakuja na ule wimbo wetu wa diaspora, kwamba Ulaya kuna utaratibu na kwetu hakuna. La. Nimesoma sheria za pande zote mbili, na kilichoniuma ni kuona kwamba kwenye karatasi sisi tumewazidi.

Uswisi ina majimbo 26, na chini yake vijiji na miji inayojitawala zaidi ya 2,100. Wenyewe huiita komine, neno ambalo ndugu wa Bukavu na Bujumbura hawahitaji kufafanuliwa. Juu kabisa hakuna rais wa kuchaguliwa na watu. Kuna mawaziri saba wanaoongoza pamoja, na kiti cha urais kinazunguka kati yao kila mwaka mmoja. Nimekaa hapa tangu 2011, na ukinishtukiza sasa hivi uniulize rais ni nani, nitahitaji kufikiri. Majirani zangu nao ni hivyohivyo. Lakini jina la syndic, yaani mwenyekiti wa kijiji chetu, analijua kila mtoto, maana ni huyo huyo unayemkuta asubuhi akipogoa mizabibu yake. Uongozi si ajira yake. Ana shamba, na jioni anasaini barua za kijiji.

Katika vijiji vidogo vya Vaud hakuna madiwani wa kuchaguliwa. Kuna baraza la wote: mpiga kura yeyote wa kijiji akitaka anaomba, anaapishwa, anakuwa mjumbe. Baraza hilo linapitisha bajeti, linakagua hesabu, na linapanga hata kiwango cha kodi ya kijiji. Nimeona watu wakibishana saa nzima kama kodi yao wenyewe ipande kidogo ili paa la shule litengenezwe, kisha wakanyoosha mikono ikapanda. Sikuamini macho yangu. Ila ndio watu hawahawa ambao mwaka 2012 waliulizwa kwa kura ya nchi nzima kama wanataka likizo ya wiki sita kwa mwaka, wakakataa. Nilipomsimulia mama kwa simu alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Hao wana shida gani?"

Haya, njoo kwetu. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeweka katika kila kijiji Mkutano Mkuu wa kila mkazi aliyefika miaka 18, na kuutaja kuwa ndio mamlaka ya juu kabisa ya sera zote za kijiji. Huombi ujumbe, huapishwi. Kufika kwako ni ujumbe wako. Mkutano huo unachagua halmashauri ya kijiji na unaweza kumtoa mjumbe yeyote, au wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaongeza: halmashauri haigawi ardhi bila mkutano kuridhia. Huku kwetu Vaud, baraza halina uwezo wa kumwondoa syndic. Akituudhi tunangoja uchaguzi, miaka mitano. Baba mdogo wangu siku ile alikuwa na madaraka makubwa kuliko yule mzee wa zabibu. Hakuambiwa. Wala mimi niliyetoka shule juzi sikumwambia, maana sikujua.

Na nilikuwa nimefaulu somo la Uraia! Nilipata alama nzuri sana. Nilikariri mihimili mitatu ya dola, nikakariri demokrasia ni serikali ya watu, iliyowekwa na watu, kwa ajili ya watu, nikaandika na jina la Lincoln bila kukosea herufi. Aina za serikali nilizipanga kama nguo kabatini: ya kifalme, ya kijeshi, ya shirikisho. Ibara ya 8 ya Katiba, ile inayosema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, niliighani kama shairi. Hakuna siku mwalimu alitupeleka hatua mia tatu kutoka darasani hadi ofisi ya kijiji, tukasome ubao wa matangazo. Sikumbuki hata kama ubao ulikuwapo. Simlaumu mwalimu, naye alikuwa na mtihani wa kutufaulisha.

Nikitafuta tofauti yenyewe iko wapi, naiona kwenye kitu kidogo cha kuchekesha: bahasha. Siku kadhaa kabla ya kikao inaingia kwenye sanduku langu la barua. Ndani kuna ajenda, bajeti, maelezo ya kila pendekezo, na ripoti ya kamati iliyokagua hesabu. Nasoma mezani nikila, nachora mstari chini ya nisichoelewa, namuuliza jirani. Nikifika ukumbini swali langu limeshaiva. Kwetu karatasi, ikiwapo, inabaki mkononi mwa mtendaji wa kijiji, anaisoma haraka mbele ya watu waliosimama juani tangu saa nne. Utauliza nini kwa tarakimu uliyoisikia mara moja, ikapita? Utauliza kwa hasira tu, na mwenye hasira ni rahisi kuulizwa ametumwa na nani.

Tena mtendaji wetu anaajiriwa na halmashauri ya wilaya, na macho yake yako huko. Hilo lina historia. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa kwa jina zuri la Madaraka Mikoani, na madaraka hayo yakakaliwa na watumishi waliotoka juu. Zikarudishwa kwa sheria hiyo ya 1982. Miaka kumi si mingi, ila tabia ya kungoja maelekezo kutoka juu ilikuwa imeshaota mizizi. Mpaka leo viongozi wetu hutumia neno "maelekezo" kama wengine wanavyotumia "inshallah".

Sasa habari ya mimi kuingia kwenye baraza hilo, maana najua mtauliza. Sina pasi ya Uswisi. Nina ya Tanzania. Katiba ya Vaud ya 2003 inampa mgeni haki ya kupiga na kupigiwa kura kijijini kwake akishaishi nchini kihalali miaka kumi, mitatu kati ya hiyo ndani ya jimbo. Majimbo mengi ya Uswisi hayatoi haki hiyo, nimebahatika nilipoangukia. Basi nikaapishwa, mtoto wa Kisambaa nikainua mkono na kuahidi uaminifu kwa katiba ya Vaud. Kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakohudumu, tuko Waswahili watatu, na siku hiyo Mkenya wetu alinitania kwamba nimeolewa mara ya pili bila kupewa talaka.

Yeye ana haki ya kutania. Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili kwa Katiba ya 2010, akachukua wa Uswisi na wa kwao akabaki nao. Mama wa Bukavu, mwenzetu wa tatu kazini, na mimi hatuna njia hiyo. Katiba ya Kongo inasema uraia wao ni mmoja na haushirikiani na mwingine, na sheria ya Tanzania ya 1995 inanivua uraia siku nitakayojipatia wa kwingine. Mwaka 2024 serikali yetu ilipeleka bungeni muswada wa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, mambo ya kuingia nchini na kumiliki ardhi. Ni jambo la maana, lakini kura haimo, na kwangu mimi uraia bila kura ni undugu wa kualikwa harusini tu. Hata hivyo nami mwenye pasi ya Tanzania kura sina, maana Mtanzania aliye nje hawekewi kituo cha kupigia kura ubalozini. Kwa hiyo viongozi ninaoweza kuwachagua au kuwakataa duniani ni yule mpogoa mizabibu na wenzake wa kijijini.

Msiniambie wivu, lakini nchi yetu si bahili wa uraia ikiamua. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa 1972 na watoto wao, zaidi ya 162,000, wale wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Uswisi, ambako zaidi ya robo ya wakazi ni wageni, haijanionyesha moyo wa namna hiyo. Hapa uraia unaombwa kwa kijiji, kwa jimbo na kwa taifa, na wote watatu waridhike.

Na kura nyingi nazo si malaika. Mwaka 2009 wananchi walipiga kura kuzuia ujenzi wa minara ya misikiti, wakapita kwa asilimia 57.5. Nchi nzima ilikuwa na minara minne. Mimi ni Mwislamu, nimekua nikiamshwa na adhana, na kifungu hicho kiko ndani ya katiba yao mpaka leo. Wanawake wa nchi hii walipata kura ya taifa 1971, kwa sababu walioamua walikuwa wanaume peke yao, na wakati huo Bibi Titi Mohamed, mpigania uhuru wetu, alikuwa ameshaketi bungeni Dar es Salaam na kutoka. Huwa nawakumbusha wenzangu barazani wanapojisifu kwa demokrasia yao ya karne nyingi. Wanacheka, wanakiri. Kuna jambo nimelipenda kwao: ukiwaambia kosa lao hawakutafutii aliyekutuma.

Kitu kimoja nakitamani cha kwetu. Vikao vya huku vimepooza. Hakuna mama anayesimama na mtoto mgongoni akamwambia mwenyekiti ukweli kwa methali, watu wakaguna hadi mabati yakatetemeka. Ningekuwa na uwezo ningewatumia wenzangu wa Vaud akina mama watano wa kijijini kwetu, nao wanitumie bahasha.

Mdogo wangu wa mwisho, aliyebaki nyumbani, amesikia sana hizi habari zangu. Mwezi uliopita akaniambia ataomba nakala ya mapato na matumizi ya miezi mitatu kabla ya mkutano, kwa barua, kwa adabu, bila kusimama juani. Tuliiandika pamoja kwa simu, mistari sita. Aliipeleka mwenyewe, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, akanitumia picha ya muhuri. Juzi akanirekodia sauti: "Dada, mkutano umeahirishwa, mtendaji kaitwa wilayani. Hawajasema lini."

Nimemjibu aandike barua nyingine, ya kuuliza tarehe.