Dunia Ikiisha, Naomba Iishe kwa Bajeti Ndogo

Mke wangu akinikuta sebuleni saa sita za usiku natazama mijitu iliyovaa ngozi na pedi za mabega ikifukuzana na vigari vilivyobandikwa mabati, swali lake ni lilelile: "Baba watoto, hivi hayo mapicha hayaishi?"

Hayaishi. Picha za dunia iliyoteketea, zilizotengenezwa miaka ya themanini kwa hela ya kuungaunga, ndiyo ugonjwa wangu na sitafuti dawa.

Niliuambukizwa kwenye banda umiza. Mabenchi ya mbao, deki moja, televisheni ya kichogo, jenereta inanguruma nje. Siku hiyo mwenye banda aliweka *Cyborg* ya 1989. Mkanda ulikuwa umenakiliwa mara nyingi mpaka Van Damme akawa wa kijani. Lakini alipopigiliwa misumari juu ya mlingoti wa meli mbovu, akaanza kuukandika mlingoti kwa kisigino, teke baada ya teke, mpaka ukakatika, banda zima lilisimama. Steringi hafi! Jirani yangu alinimwagia karanga zake zote.

Ukubwani ndipo nilipojua kwamba tulikuwa tumeandaliwa kiporo. Kampuni ya Cannon ilikuwa imejipanga kutengeneza picha ya Spider-Man na mwendelezo wa *Masters of the Universe*. Mavazi yameshashonwa, seti zimeshaanza kujengwa, hela ikakata. Mwongozaji Albert Pyun akaandika hadithi chapuchapu ya kuvitumia vilivyobaki, wakaenda kupiga picha Wilmington, North Carolina, kwa bajeti inayotajwa kuwa kama dola 500,000. Hata majina yanatoka kwenye duka la vyombo vya muziki: steringi anaitwa Gibson Rickenbacker, adui Fender Tremolo, mwingine Marshall Strat. Nikiyasikia nacheka mpaka leo.

Ila wazee wa kazi hii walikuwa Waitaliano. Mwaka 1981 zilipotoka *Mad Max 2* na *Escape from New York*, wao, waliokwisha kuwapiku Wamarekani kwa picha za makauboi, hawakulaza damu. Mwaka uliofuata Enzo Castellari akaja na *1990: The Bronx Warriors*. Steringi wake, Mark Gregory, alitolewa jimu, na anatembea kama mtu aliyeambiwa asikunje mgongo. Sehemu za nje walipiga Bronx kwenyewe, na Bronx ya wakati ule ilikuwa na magofu ya kutosha, hukuhitaji kuyajenga. Kuna mahali magenge mawili yanakutana kando ya mto, pikipiki zimepangwa, macho yametolewa, na pembeni jamaa mmoja amekaa anapiga dramu. Amefikaje? Nani kamwalika? Hakuna anayeuliza. Anapiga tu.

Rafiki yangu mmoja, mpenzi wa picha za mamilioni, huniambia hizo ni takataka. Namjibu ndiyo, na dunia yenyewe inayosimuliwa mle ni ya takataka. Watu wa mle wanaokota chuma chakavu, wanafunga kwa waya, wanavaa walichokikuta. Waliotengeneza picha walifanya vilevile. Nikiona kofia ya pikipiki imepakwa rangi ya fedha ili ionekane ya miaka ijayo, naona fundi aliyeishika brashi, pengine rangi ilimwishia nyuma ya kisogo. Siku hizi kompyuta inabomoa jiji zima, vumbi linatimka vizuri kabisa, na mimi nasinzia.

Sitetei kila kitu. Wanawake wa picha hizi wanatekwa, wanaokolewa, wanatekwa tena, na kuna nyakati kamera inawatazama kwa namna ya kutia aibu. Binti yangu akipita sebuleni, nashika rimoti. Na nyingine zinachosha tu: nusu saa ya magari kuzunguka machimbo yaleyale ya mchanga.

Wiki iliyopita mke wangu alikuja kuniambia nizime taa ya nje. Kwenye skrini magenge yalikuwa yamefika mtoni. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Huyo wa dramu anampigia nani?"

"Hakuna ajuaye."

"Anakufa?"

Nikanyamaza. Akavuta stuli, akakaa.