Fundi Cherehani na Zile Dakika 25

Wateja wangu wana msemo kwamba fundi cherehani akikuambia uje kesho, umuulize ni kesho ya mwezi gani. Nimeshona nguo hapa Magomeni kwa miaka mingi, na ninaomba niijibu shutuma hiyo kwa utaratibu, kwa kuwa wanaoisema ndio hao hao wanaonimalizia siku. Nikikaa barazani asubuhi na nia safi ya kumaliza gauni moja, hapiti mtu asiyenisalimu, na salamu za kwetu hazikatwi katikati: ukishajibu za asubuhi, zinafuata za nyumbani, za watoto, za yule mgonjwa na za tangu juzi, kisha nawe huna budi kuziuliza zote vilevile, la sivyo jioni itavuma habari kwamba fundi amepata vijisenti na siku hizi anaringa.

Kijana mmoja wa jirani, ambaye hana kazi lakini amehudhuria semina nyingi za mafanikio, alinieleza kwamba kinachonikosesha maendeleo ni nidhamu binafsi. Akanifundisha mbinu ya Mwitaliano aitwaye Francesco Cirillo, aliyeianzisha mwishoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa mwanafunzi, kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya ili imsaidie kutuliza akili katika masomo. Unafanya kazi dakika 25 bila kugusa jambo jingine, unapumzika dakika 5, na ukishakamilisha awamu nne unajipa mapumziko marefu zaidi. Mwitaliano huyo sina ugomvi naye, ila ni dhahiri kwamba alikuwa na mlango. Mimi saa ililia nikiwa nimefika nusu ya kupachika mkono wa kushoto, na hakuna fundi mwenye akili timamu anayeacha mkono ukiwa umeshikwa na pini tupu ili akapumzike. Mkono ulipokamilika, nilikaa nipate haki yangu ya mapumziko, na papo hapo mwenye gauni akatokea kwenye kona na kunikuta nimekunja mikono. Nilimwambia kwamba hizo ndizo dakika 5 za mbinu ya kisasa. Alinitazama kwa namna ambayo sitaieleza hapa.

Kijana akashauri kwamba basi niifungie simu kabatini, kwa sababu simu ndiyo adui mkubwa wa umakini. Ushauri huo ungemfaa seremala. Siku hizi hakuna mteja anayekuja na maelezo ya maneno. Mshono wote unatumwa kwa WhatsApp, picha ya mbele, ya nyuma na ya ubavuni, ikifuatiwa na ujumbe wa sauti unaosema kwamba anautaka hivyo hivyo lakini kola isiwe ile, mikono isiwe ile, na urefu usiwe ule. Kwa hiyo nafungua simu nitazame kola, na kabla sijaifikia kola nakutana na kundi la michango ya harusi, ambako mwekahazina ameorodhesha waliolipa na wasiolipa, na jina langu liko upande ambao hauna budi kutolewa maelezo. Nikimaliza kujitetea, kitambaa kimeteleza, chaki nimeikalia, na sikumbuki tena kama nilikuwa nakata upande wa mbele au wa nyuma. Wenzangu wenye cherehani za umeme wana nafuu, maana umeme ukikatika wanapumzika kwa heshima. Hii yangu inaendeshwa kwa miguu, na miguu haina mgao.

Nilisimuliwa pia habari za Demosthenes, yule mzungumzaji mashuhuri wa Ugiriki ya kale, ambaye Plutarch, mwandishi wa kale wa habari za maisha ya watu mashuhuri, anasema alijijengea chumba chini ya ardhi ili afanyie humo mazoezi ya kuzungumza, na wakati mwingine alinyoa upande mmoja wa kichwa ili aibu imzuie kutoka nje hata kama angetamani. Jambo hilo nililifikiria kwa uzito. Tatizo ni kwamba hapa Dar es Salaam, nikinyoa upande mmoja, vijana watadhani ni kiduku kipya na watajaa barazani kuniuliza jina la kinyozi.

Kwamba nidhamu sina, hilo silikubali. Anayebisha aje usiku wa kuamkia Idi aone kanzu zinavyotoka moja baada ya nyingine, vifungo vimekaa, pindo limenyooka na pasi ya mkaa haipoi. Siri ya usiku ule ni nyepesi: hakuna anayeniuliza habari za watoto, wote wanauliza habari za kanzu. Hata wale wateja ambao siku za kawaida husema “bora nikusubiri hapa hapa”, wakakalia benchi langu na kunisimulia kesi ya shamba la marehemu baba yao tangu mwanzo wake, usiku huo husimama kimya.

Hatimaye niligundua dawa bila msaada wa semina. Nikitoka msikitini alfajiri, kabla mtaa haujachangamka, napata muda ambao hakuna salamu wala michango, na kazi ya kukata, ambayo ndiyo inayohitaji akili kuliko zote kwa kuwa mkasi ukishapita haurudi, naimaliza jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza. Utaratibu huo ulinyooka vizuri mpaka mama mmoja wa mtaa wa pili, akienda kununua maandazi, akanikuta nakata peke yangu katika utulivu ule. Sasa huja kila alfajiri na kitambaa kingine, anakaa kwenye benchi, na anasema anapendelea saa hizi kwa sababu ndizo ninapokuwa sina kazi.