Sura Moja kwa Wanawake Wawili? Hapana

Ijumaa baada ya isha tuliitazama nyumbani Thirteen at Dinner, filamu ya televisheni ya 1985 iliyotokana na riwaya ya Agatha Christie, Lord Edgware Dies. Haijafika mbali, mtoto wa kaka yangu akaniuliza: "Ami, kwani hawa si mtu mmoja?" Nikapandwa na hasira, si kwake, bali kwa walioitengeneza.

Faye Dunaway anaigiza wote wawili: Jane Wilkinson, mwanamke anayetaka kuachana na mumewe, na Carlotta Adams, msanii anayemwiga Jane jukwaani. Riwayani kila mmoja ana sura yake, na Carlotta anageuka Jane kwa ustadi tu, kwa sauti na mikono. Fumbo la mauaji limesimama hapo hapo. Sisi wa Mji wa Kale, Mombasa, tunajua ugumu wake: mwanamke anapita Ndia Kuu na buibui na ninja, macho tu ndiyo yanayoonekana, na walioko barazani wamekwisha mtambua kwa mwendo. Kumwiga mtu hadi wanaomjua wadanganyike ni kazi kubwa, nami nilitaka kuiona ikifanywa. Ukimpa mwigizaji mmoja nafasi zote mbili, hakuna tena wa kuigwa. Kamera ndiyo inayodanganya, na mtazamaji ananyimwa haki ya kushindana na mpelelezi kwa ushahidi ule ule.

Haya, Dunaway anajua kazi. Akiwa Jane, humuondolei macho. Peter Ustinov naye, kama Poirot, mpelelezi wa kisa hiki, ni mchangamfu, ingawa ni pande la mtu na yule wa vitabuni ni mfupi.

Kuitoa hadithi 1933 na kuileta miaka ya themanini, Poirot akihojiwa na mtangazaji David Frost, nako kumeidhoofisha. Mwaka 1933 sheria ya Uingereza ilidai uthibitisho wa uzinzi ndipo talaka ipatikane. Kufikia 1985 mlango ulikuwa umefunguliwa zaidi, kwa hiyo dhiki ya Jane inapungua uzito.

Inspekta Japp humo ni David Suchet, ambaye kuanzia 1989 hadi 2013 alikuwa Poirot mwenyewe. Kisa hiki alikirudia mwaka 2000, Jane na Carlotta wakiwa waigizaji wawili tofauti. Asiyekijua kisa aanze na filamu hiyo ya 2000, na asimruhusu mtu kumtajia muuaji.