Kurekebisha brashi: ufundi au kupoteza muda?

"Mkono ndio unaochora, si brashi." Anayejifunza kuchora kwa kompyuta huambiwa hivyo kila anapofungua mipangilio ya brashi, na waambiaji wana hoja. Anayebadili brashi kila siku hauachi mkono wake uizoee hata moja. Tena kazi hiyo haihamishiki kwa urahisi: faili la ABR, yaani faili la brashi la programu ya Photoshop, likifunguliwa katika programu nyingine za kuchora kama GIMP au Krita huleta umbo la ncha, ilhali sehemu kubwa ya tabia ya brashi hubaki nyuma.

Kosa la kauli hiyo ni kuiona mipangilio kuwa mapambo. Brashi ya kompyuta haiburuti rangi, inagonga chapa moja baada ya nyingine, na mstari unaouona ni chapa zilizopandana. Nafasi kati ya chapa hupimwa kwa asilimia ya kipenyo: brashi ya pikseli 100 yenye nafasi ya 25% hugonga kila baada ya pikseli 25. Ncha ikiwa ngumu, yaani yenye kingo kali, kingo za mstari hutoka na vinundu. Ushauri wa kawaida ni kushusha nafasi hadi 5%, na kweli vinundu hutoweka. Kinachoharibika ni kitu kingine kabisa.

Tuseme mtiririko ni 10%, yaani kila chapa huongeza sehemu hiyo ya rangi juu ya iliyopo. Kwa nafasi ya 25%, katikati ya mstari kila pikseli hupata chapa 4 hivi, na rangi hufika takriban 34%. Kwa nafasi ya 5%, chapa ni 20 na rangi hufika karibu 88%. Mkono ni uleule, lakini brashi ya kuweka kivuli taratibu imegeuka ya kufunika, na mchoraji anajilaumu kwamba ana mkono mzito! Kuirudisha 34%, mtiririko ushushwe hadi 2% hivi. Hapo nako kuna mtego: katika faili la biti 8, ambalo lina ngazi chache za rangi, asilimia 2 ya tofauti ndogo kati ya rangi mbili inaweza kukadiriwa kuwa sifuri, na rangi ikakwama kabla ya kufika unapotaka, hata upitishe brashi mara ngapi. Biti 16, zenye ngazi nyingi zaidi, huondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Anayetaka rangi iliyotandazwa sawasawa aache mtiririko kwenye 100% na apunguze ukolezo (opacity), ambao huweka kikomo kwa mstari mzima bila kujali chapa zimepandana mara ngapi.

Grafu ya shinikizo, inayoamua nguvu ya mkono igeuke unene kiasi gani, nayo haina budi kuguswa. Tableti yenye ngazi 8192 za shinikizo haimfai anayebonyeza kidogo ikiwa unene kamili unadai nguvu asiyoitumia kamwe. Piga mistari kumi kutoka mguso mwepesi hadi mzito. Unene kamili ukija mapema mno, vuta katikati ya grafu chini, ukichelewa, ipandishe. Krita ina grafu ya jumla katika mipangilio ya tableti na nyingine ndani ya kila brashi, na athari zake hulimbikizana, kwa hiyo anza na ya jumla.

Umbile la karatasi linaloigwa na brashi ni suala la ladha zaidi. Angalia tu kwamba kuongeza nguvu yake mara nyingi hupunguza ukolezo pia.

Wanaopinga kurekebisha brashi wamepatia zaidi katika brashi za majani, nywele na mawingu. Hata ukipanga vizuri mtawanyiko na mzunguko wa chapa, jani litaangaziwa lilivyochongwa kwenye ncha, na mwanga wa picha ukitoka upande mwingine, hakuna kitufe kitakachougeuza mwanga wa jani bila kuligeuza jani lenyewe. Lakini kwa brashi ya duara, nakili ya asili kwanza, badili kipimo kimoja kwa wakati, jaribu kwenye mstari uleule, kisha ihifadhi kwa jina jipya. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na brashi utakayopata utaitumia miaka.