Mpira na kura: Kenya itapitaje Juni hadi Agosti 2027?

Katiba ya Kenya inaelekeza uchaguzi mkuu ufanyike Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na kwa hesabu hiyo Wakenya watapiga kura Agosti 10, 2027. Kombe la Mataifa ya Afrika, ambalo CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliwakabidhi Kenya, Uganda na Tanzania Septemba 2023, limepangwa kuchezwa Juni na Julai mwaka huohuo. Kampeni za 2022 zilianza rasmi Mei 29 na kufungwa Agosti 6. Ratiba ikifuata mkondo huo, mechi zitapigwa kampeni zikiwa zimepamba moto. Swali ni kama mpira utapoza joto hilo au utalizidisha.

Wenye matumaini wana mfano wa Gabon. Uchaguzi wa Agosti 2016 ulizua ghasia hata jengo la Bunge likachomwa moto, na baadhi ya wapinzani wakawataka wananchi wasusie mashindano, lakini Januari 2017 mechi zilianza na zikafika fainali. Hoja hii ina uzito, ingawa Gabon ilikuwa imeshatoka kwenye uchaguzi, ilhali Kenya itakuwa ndiyo inauendea. Hata hivyo, naona tofauti hiyo inaweza kuwa ya kheri: mgombea anayeomba kura hatapenda kuonekana ndiye aliyewaharibia watu mashindano waliyoyasubiri miaka mingi.

Wenye hofu wanakumbuka 2017. Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais Septemba 1, na kabla mwezi haujaisha CAF ikaipokonya Kenya fainali za 2018 za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, zikaenda Morocco. Haki itendeke hapa: viwanja navyo vilikuwa vimechelewa, kwa hiyo si sawa kuibebesha siasa lawama yote.

Mimi hofu yangu iko kwenye lango la uwanja. Agosti 10, 2025, timu ya taifa, Harambee Stars, wakiwa pungufu, waliifunga Morocco 1-0 katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, kwenye CHAN, huku mashabiki wakivunja utaratibu na kujipenyeza ndani. CAF ikaweka kikomo cha mashabiki 27,000 kwa mechi iliyofuata dhidi ya Zambia. Miezi miwili baadaye, Oktoba 16, umati uliofika uwanjani hapohapo kuuaga mwili wa Raila Odinga ulisukuma lango, polisi wakafyatua risasi, na waombolezaji wakapoteza maisha. Wa kwanza walikuja kushangilia na wa pili walikuja kulia, lakini lango lilikuwa Kasarani ileile.

Sasa tuchukulie kuna mechi Nairobi Juni 25, 2027. Siku hiyo vijana huadhimisha waliouawa katika maandamano ya 2024, na Julai 7, Saba Saba, kumbukumbu ya maandamano ya 1990 ya kudai vyama vingi, nayo inaangukia humohumo. Asubuhi vitoa machozi vimefyatuliwa katikati ya jiji. Jioni kijana aliyevipokea anapanga foleni na tiketi mkononi, na anayempekua ni askari yuleyule, amechoka, rungu likiwa kiunoni. Mtu mmoja akisukumwa hapo, hakuna atakayejua kama ni fujo za mpira au za siasa.

Serikali inaweza kujibu kwamba dawa ni kupiga marufuku maandamano kipindi chote hicho. Sikubaliani nayo hata kidogo. Ibara ya 37 ya Katiba inalinda haki ya kuandamana kwa amani, na Kombe la Afrika likigeuzwa kisingizio cha kuifunga haki hiyo wiki chache kabla ya kura, vijana wataliona kuwa kombe la watawala.

Ugaidi nao haupuuziki. Julai 11, 2010, watu 74 waliuawa Kampala wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika klabu ya raga ya Kyadondo na mgahawa wa Kabalagala, mbali kabisa na uwanja wowote wa mechi. Baa na vibanda umiza vya Nairobi, Mombasa na Kisumu vinastahili ulinzi kama viwanja.

Nikipima yote, naunga mkono Kenya ibaki mwenyeji, ila mambo mawili yaamuliwe mapema. Mosi, ukaguzi wa tiketi na upekuzi langoni ufanywe na wahudumu wa uwanja waliofunzwa, polisi wenye silaha wakae nyuma yao, na wasiwe waliotoka kutawanya maandamano asubuhi hiyo. Pili, viwanja. Agosti 6, 2022, Raila alifunga kampeni Kasarani na William Ruto akafunga zake Nyayo, siku ileile. Tume ya uchaguzi iwakutanishe wagombea wote sasa, watie saini kwamba hakuna mkutano wa kampeni utakaoingia katika viwanja vya mashindano hadi fainali ipite, na rais aliye madarakani awe wa kwanza kutia saini.